Mpelelezi Si Lazima Awe na Bastola

Yamezagaa maoni, tena kutoka kwa wasomaji wanaojiita wapenzi wa lugha, kwamba Bwana Msa hakuwa mpelelezi bali mzee mpiga soga mwenye kiko. Kwamba mpelelezi wa kweli ana cheo, gari na bastola. Na kwamba Muhammed Said Abdulla alimwazima tu Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle akampa jina la Kiunguja. Nayapinga yote matatu, na nitaanza na hilo la mwisho.

Kiko kimetoka kwa Holmes, sikatai. Najum naye ana undugu na Watson, na asiyeuona hajasoma. Lakini tazameni kinachofanywa na hicho kiko. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapishwa mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la East African Literature Bureau, maiti inakutwa mzimuni. Mahali pa namna hiyo jibu huwa tayari kabla ya swali: mizimu imeua. Bwana Msa hatosheki na jibu hilo. Holmes huinamia majivu na tope la viatu. Bwana Msa huinamia nasaba. Nani mtoto wa nani, nani alimwoa nani akamficha nani, jina hili mtu alipewa na nani. Someni Duniani Kuna Watu (1973) au Mwana wa Yungi Hulewa (1976) mniambie kama mafundo yale yangefunguka kwa kioo cha kukuzia. Yanafunguka kwa mazungumzo, kwa mtu ajuaye kwamba kwetu siri haifichwi chini ya zulia, hufichwa ndani ya ukoo.

Washairi ndio wanaonishangaza zaidi kwa kumdharau. Ninyi mliolelewa kwa mafumbo, mnaotungiana beti za maswali na kujibizana, mnakataaje riwaya ambayo ni fumbo lililonyooshwa likawa kurasa mia? Kitendawili kikitegwa na msikilizaji akashindwa, huombwa mji, naye hutoa mji, kisha hupewa jibu. Riwaya ya Bwana Msa inakutaka usitoe mji mapema. Inspekta Seif, mwenye sheria na pingu, naye yumo humo humo akitafuta jibu. Abdulla aliweka makusudi akili upande mmoja na cheo upande mwingine.

Baada yake tulirudi nyuma kidogo. Faraji Katalambulla alitupa Simu ya Kifo mwaka 1965, kazi safi, lakini upelelezi ukarudi mikononi mwa polisi. Elvis Musiba akaja na Willy Gamba katika Kufa na Kupona, 1974, na huyu ni jasusi wa serikali, mwepesi wa ngumi na risasi. Joram Kiango wa Ben Mtobwa nampenda zaidi, kwa kuwa hasubiri amri ya mkubwa yeyote. Ila naye anapenda mno suti na hoteli. Sisemi vitabu hivi ni vibaya. Vimewafundisha kusoma kwa hamu vijana ambao orodha zetu za shule, zenye kina Takadini mwaka baada ya mwaka, hazikuweza kuwashika. Ninachokataa ni kuufanya mtindo wao kuwa sheria.

Maana wenzetu hawakuifuata sheria hiyo. Chesterton alimfanya padri awe mpelelezi. Agatha Christie akamchukua bibi kizee wa kijijini, Miss Marple. Mwaka 1998 Alexander McCall Smith akampa Botswana mwanamke mnene mnywa chai, Mma Ramotswe, na dunia ikamsoma. Sisi wenye Bwana Msa tangu 1960 ndio tunaosema mpelelezi bila bastola hauziki!

Nasema haya kwa hasira kwa sababu yana mwathirika. Kijana mmoja hapa Chimala ameniletea mswada. Mpelelezi wake ni mama anayepima mpunga mashineni. Mama huyu huuma punje moja akajua kama mpunga umekauka au umeloweshwa ili uongeze uzito. Huitazama lumbesa akajua imeshindiliwa na nani. Husikiliza dereva akijieleza akajua kama kweli gari limeteremka kutoka Matamba kwa zile kona hamsini na saba au lilikuwa limelala bondeni. Mfanyabiashara anakufa, polisi wanahesabu fedha zilizopotea, mama anahesabu magunia. Gunia moja limezidi. Hapo ndipo hadithi inapoanza, nami sikuweza kuufunga mswada mpaka taa ilipozimika.

Mchapishaji mmoja ameurudisha kwa sharti: mama aondolewe, awekwe Inspekta kutoka Mbeya mjini, na sura ya pili iwe na mapambano. Inspekta huyo atajuaje kwamba gunia limezidi? Ataambiwa na nani? Na yule wa kumwambia, kwa nini asiwe yeye mwenye hadithi?

Nimemwambia kijana asimguse mama yule. Nimemtaka arekebishe jambo moja tu: katika sura ya tatu amemfanya aseme "kutokana na ukweli kwamba." Hakuna mpima mpunga wa Usangu asemaye hivyo. Husema "kwa kuwa," na akiwa na haraka hata hilo haliweki.