Mji Haukomei Relini

Wapo wataalamu waandikao habari za Tanga kana kwamba mji huo ni bandari, majengo ya Wajerumani na nyumba za Raskazone tu. Waivukapo reli hufika Ngamiani, wakazihesabu barabara zake zilizopewa namba badala ya majina, kisha wino ukawaishia. Mitaa iliyo mbele zaidi, Nguvumali miongoni mwake, huiita vitongoji: mahali pa kulala watu wafanyao kazi mjini. Na mahali pa kulala, kwa maoni yao, hapana historia.

Maoni hayo hayasimami. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 haikuwa njia ya kwendea Usambara peke yake. Ilikuwa pia mpaka. Upande wa ghuba walikaa wenye serikali na biashara. Upande wa pili wakawekwa wafanyao kazi. Mwaka huo huo Dakta Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida, ikasalimika 62 tu. Kutoka miche hiyo yalitokea mashamba yaliyoita vibarua wa Unyamwezi, wa Umakonde na wa Ruanda-Urundi. Asomaye historia kwa kutazama majengo humwona mwenye nyumba, asimwone aliyebeba mawe.

Tena hesabu zenyewe zinawapinga. Mwaka 1957 Tanga ilikuwa na watu 38,053; mwaka 1967 walikuwa 61,058; na hesabu ya mwaka 2022 ililipa jiji watu 393,429. Ni kweli kwamba mipaka imepanuliwa, wala hesabu hizo hazilingani sawasawa. Walakini watu hawakuongezeka baharini. Waliongezeka upande wa bara, huko huko kunakosemwa kuwa hakuna habari. Mkonge ulifikia kilele chake mwaka 1964, kisha ukaporomoka. Bandari ikapungukiwa na shehena, lakini mitaa haikuhama. Basi ni ipi iliyo historia ya mji: ya bei iliyopanda na kushuka, au ya watu waliobaki?

Wasomi wa fasihi nao hawana udhuru. Litajwapo jina la Nguvumali, humkumbuka mganga aliyesifiwa katika utenzi wa Hasani bin Ismail, uliochapishwa Oxford mwaka 1968 pamoja na tafsiri ya Peter Lienhardt. Kumjua Nguvumali wa kitabuni na kutoijua Nguvumali yenye watu ni elimu nusu.

Watasema kwamba huko hakuna maandishi. Je, wametafuta? Zipo hati za viwanja, yapo makaburi, ipo misikiti, na wapo wazee wenye kumbukumbu. Kinachokosekana ni mwenye kuuliza. Wala jambo hili si la kupambia vitabu tu: mahali panapodhaniwa hapana historia, mpango wowote huonekana halali juu yake, na mwenyeji wake huhesabiwa mgeni hata akiwa amezaliwa hapo.

Alfajiri baiskeli hutoka mitaani zikielekea mjini, na jioni hurudi. Mwanafunzi atakaye kuiandika Tanga na aifuate safari hiyo mwanzo hadi mwisho. Akianzia bandarini na kuishia relini, atakuwa ameandika habari za mlango, nyumba asiiingie.