Mti wa Maua Nyumbani: Tuanze na wa Kwetu

Nyua nyingi nchini hupambwa kwa mijakaranda ya Amerika Kusini na mikrismasi ya Madagaska. Uzuri wake haukanushiki. Hata hivyo, mkazi wa Natta, wilayani Serengeti, yampasa kwanza kuufikiria mbambangoma, Erythrina abyssinica, mti wa asili wa savana za Afrika. Huchanua maua mekundu kiangazi, ungali hauna majani, na ndege chozi hufyonza nekta yake. Bakteria waishio katika vinundu vya mizizi yake hunasa naitrojeni ya hewani, hivyo udongo hurutubika. Huota hata kwa kipande cha tawi. Lakini mbegu zake zina sumu. Upandwe mbali na wachezapo watoto. Walimu wa biolojia na waanze kuupanda shuleni.