Kanisa la Savannah: waamini walitangulia matofali

Familia nyingi zilizohamishwa na vita, zikifika kambini, husema: «Kanisa letu lilibaki kijijini.» Ni kusema, zinahesabu jengo. Lakini kuna kanisa moja la Kibaptisti huko Marekani ambalo historia yake inaonyesha kwamba hesabu hiyo si sawa.

Kanisa hilo linaitwa First African Baptist Church, katika mji wa Savannah, jimbo la Georgia. Ni moja kati ya makanisa ya zamani zaidi ya watu weusi katika nchi ile. Lilianza bila ukuta wala paa. George Liele, aliyekuwa mtumwa akapewa uhuru, alihubiria watumwa kwenye mashamba kando ya mto Savannah. Mwaka 1782 aliondoka kwenda Jamaica, na mtumwa aliyembatiza, Andrew Bryan, akaendeleza kazi. Wazungu waliokuwa na watumwa waliogopa mikutano ile. Bryan na ndugu yake Sampson walipigwa viboko na kufungwa gerezani. Hawakuacha. Januari 1788 kundi lao lilitambuliwa kuwa kanisa, na Bryan akawekewa mikono kuwa mchungaji.

Jengo la matofali linaloonekana leo lilimalizika mwaka 1859, zaidi ya miaka 70 baadaye. Waamini wenyewe, wengi wao watumwa, walilijenga usiku baada ya kazi ya mabwana zao. Katika sakafu kuna matundu yaliyopangwa kwa umbo maalum. Wazee wa kanisa hueleza kuwa ni alama ya Bakongo ya maisha na kifo, na kwamba watumwa waliotoroka walijificha chini yake, wakipata hewa kupitia matundu hayo. Basi hata waliouzwa ng'ambo ya bahari hawakusahau walikotoka.

Kwa hiyo waamini wanaoabudu leo chini ya hema hawajapoteza kanisa. Wao ndio kanisa. Lakini wimbo na maombi havitoshi kulinda mali yao, na hapo pia Savannah inafundisha.

Tarehe 12 Januari 1865, vita vya Marekani vikikaribia mwisho, viongozi 20 wa makanisa ya watu weusi walikutana na Jenerali Sherman mjini humo. Kati yao alikuwa William Campbell, mchungaji wa First African. Kanisa lake lilikuwa na watu karibu 1,800 na mali ya dola 18,000, lakini wasimamizi walioandikwa kwa mali hiyo walikuwa wazungu. Walipoulizwa watu wao wanahitaji nini, walijibu: ardhi ya kulima wenyewe. Siku nne baadaye Sherman akatoa amri ya kuwagawia mashamba. Kabla mwaka huo haujaisha, Rais Andrew Johnson akaamuru mashamba mengi yarudishwe kwa wenyewe wa zamani. Familia zilizokuwa zimeanza kulima zikafukuzwa.

Ahadi ya mkubwa inaweza kufutwa na mkubwa mwingine. Ndiyo maana kila kundi la waamini kambini linapaswa kuwa na daftari: majina ya familia, ubatizo, ndoa, vifo, kijiji cha kila mmoja, kiwanja chake na majirani wa mipaka yake. Kiwanja cha kanisa nacho kiandikwe, pamoja na majina ya wanaokijua vizuri.

Wengine watasema mwenye njaa hana nafasi ya kuandika. Ni kweli, chakula kwanza. Lakini daftari ni bei ndogo, na vijana wanaojua kuandika wapo katika kila kambi. Wazee wanaojua mipaka wanakufa mbali na kwao. Siku ya kurudi, ugomvi utaanzia kwenye mipaka hiyo, na asiye na shahidi wala maandishi atashindwa. Wachungaji, wamama na wazee waanze juma hili, wakati wanaokumbuka bado wako hai.