Bwawa Jipya la Samaki: Maji ya Ziada Yatokee Wapi?



Anayechimba bwawa la samaki huwaza kwanza jinsi maji yatakavyoingia. Hutafuta kijito, huchimba mfereji, hupima kina, na siku bwawa linapojaa hufurahi pamoja na jirani zake. Mara chache hujiuliza maji yatatokea wapi. Nayo masika haimngoji mtu ajiulize. Usiku mmoja maji hupanda, hupita juu ya tuta, hulikata tuta lenyewe, na asubuhi perege waliolishwa miezi sita wamekwenda mtoni. Basi leo tuzungumze juu ya njia ya kutolea maji ya ziada, maana ndiyo inayolinda jasho lote lililotangulia.

Tufanye kwanza hesabu kidogo. Bwawa la mita 20 kwa mita 10 lina uso wa mita za mraba 200. Ikinyesha mvua ya milimita 60, yanaingia maji lita 12,000, yaani mapipa 60 ya lita 200. Ni maji mengi. Lakini yanainua uso wa bwawa kwa sentimita 6 tu. Kumbe mvua inayoangukia bwawani siyo adui mkubwa. Adui ni maji yanayoteremka kutoka mashambani na barabarani, pamoja na mfereji wa kijito ulioachwa wazi. Kwa hiyo, kabla ya kununua bomba lolote, chimba mtaro wa kukinga upande wa juu wa bwawa, uyapeleke maji ya mteremko kando. Na mlango wa kuingizia maji sharti uwe wa kufungika. Hakuna bomba linaloweza kumeza mlima mzima.

Sasa tuje kwenye uchaguzi wenyewe. Ziko njia nne ambazo watu huzitumia.

Ya kwanza ni kukata tu tuta mahali fulani, maji yapite. Haina gharama, lakini udongo huliwa na maji, na samaki hutoka kama wapendavyo. Ya pili ni mpira unaopita juu ya tuta na kunyonya maji. Mpira huo hufaa kwa kupunguza maji mchana ukiwapo mwenyewe. Lakini hufanya kazi wakati umejaa maji tu. Hewa ikiingia, unakufa, wala hauanzi tena wenyewe. Usiuamini usiku wa mvua. Ya tatu ni bomba la plastiki la inchi 4 lililopitishwa chini ya tuta, mahali penye kina kirefu, likaungwa kwa kiwiko na bomba jingine linalosimama ndani ya maji. Ya nne ni kisanduku cha matofali na saruji kinachosimama bwawani, chenye mbao za kupachika na kupachua ili kupandisha au kushusha maji.

Hivi karibuni mtu na mkewe walifika ofisini kwetu parokiani kuchukua cheti cha ubatizo cha mtoto, wakaanza kubishana juu ya jambo hilihili mbele ya meza yangu. Mume alitaka kisanduku cha saruji. Mke akasema, “Baba watoto, saruji hiyo ni sare na madaftari ya watoto wote watatu. Kata tuta pale pembeni, maji yapite.” Mume akajibu, “Na samaki nao wapite, mama watoto?” Wote wawili walisema kweli. Kisanduku ni kizuri kwa bwawa kubwa, au la watu wengi waliochanga fedha. Kwa bwawa la familia moja, naona njia ya tatu yatosha.

Faida ya bomba hilo ni kwamba mdomo wake ndio unaoamuru kimo cha maji. Maji yakizidi mdomo, yanatoka yenyewe, usiku na mchana. Ukitaka kuvuna, unalilaza polepole kwenye kiwiko chake, na bwawa linashuka mpaka likauke. Kiwiko kisitiwe gundi upande unaozunguka, ila kipakwe grisi. Bomba lifungwe kwenye mti uliosimikwa imara, lisije likalala lenyewe. Na pale linapopita chini ya tuta, shindilia udongo wa mfinyanzi tabaka kwa tabaka, maana maji hupenda kufuata mgongo wa bomba. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta wenyewe ni tuta zima.

Lakini bomba hilo humwaga maji ya juu, nayo ndiyo mazuri: yana hewa, tena yana ule ukijani ambao perege hula. Maji yaliyochoka hubaki chini. Dawa yake ni rahisi. Livishe bomba la inchi 4 bomba jingine pana zaidi, la inchi 6, lenye matundu chini, na ncha yake ya juu ipite uso wa maji. Hapo maji ya chini ndiyo yatakayoingia, yapande kati ya mabomba mawili, kisha yatoke. Siku ya kuvuna unalivua hilo la nje kwanza.

Kisha wavu. Wengi hufunga kipande cha wavu juu ya mdomo wa bomba. Mdomo wa inchi 4 una eneo la sentimita za mraba 81 tu. Majani machache yanauziba. Afadhali uzungushe kikapu cha wavu chenye upana wa sentimita 20 na kimo cha sentimita 30. Mbavu zake zina eneo zaidi ya mara 20 ya mdomo ule. Ukitumia bomba la nje, wavu huo uzungushwe kwenye matundu yake ya chini. Wala usidhani samaki akitoroka hasara ni yako peke yako. Sato hakuwa wa asili ya Ziwa Victoria. Alipandikizwa humo miaka ya 1950. Leo ngege, samaki wa asili wa ziwa hilo, amekuwa adimu sana, na wageni waliopandikizwa ni mojawapo ya sababu. Mto ulio chini ya shamba lako nao una samaki wake.

Hata hivyo, wavu mwema nao huziba, na bomba jema nalo huweza kukwamwa na kijiti. Kwa sababu hiyo nasema: njia moja haitoshi. Weka bomba la pili juu ya tuta, mdomo wake ukiwa sentimita 10 juu ya kimo cha kawaida cha maji, na tuta lenyewe lipite mdomo huo kwa sentimita 30 au zaidi. Nalo livishwe kikapu cha wavu, na pale linapomwagia panga mawe, mbali na mguu wa tuta. Siku zote bomba hilo liwe kavu. Ukiliona linatoa maji, ujue la kwanza limeziba, uende ukalisafishe. Hivyo hulinda bwawa, tena hukupa habari.

Mwisho, kabla ya kununua vifaranga, jaza bwawa, kisha uzibe bomba la kwanza kwa makusudi. Acha mlango wa kuingizia wazi, ukae hapo utazame. Kama bomba la pili linayachukua maji yote na tuta halilowi juu, nenda kanunue vifaranga. Kama sivyo, ongeza bomba au punguza maji yanayoingia. Jaribio hilo lifanyeni mchana wa jua, bwawa likiwa bado tupu la samaki, watoto wakitazama, maana siku baba na mama hawapo ni wao watakaokimbilia bwawani mvua ikinyesha.