Uzamivu wa ikolojia ya mimea una deni kwa mkulima na mfugaji

Nafasi za utafiti wa shahada ya uzamivu katika ikolojia ya mimea zinapotangazwa, wananchi wengi huziona kuwa jambo la wanavyuo pekee. Gugu karoti linaonesha vinginevyo.

Gugu hili, lenye asili ya Amerika ya kitropiki, liliripotiwa Arusha mwaka 2010. Shina moja huweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000, nazo husambazwa na maji, magari na mifugo. Husonga nyasi za malisho, huharibu ladha ya maziwa ya ng'ombe waliolila, na huwaletea watu muwasho wa ngozi na matatizo ya kupumua.

Kuling'oa kabla ya kuchanua husaidia, lakini mbegu zilizofukiwa udongoni hubaki hai kwa miaka kadhaa. Ndiyo maana mradi wa msimu mmoja hautoshi. Mtafiti wa uzamivu ana muda wa kurejea eneo lilelile masika na kiangazi, akapima ni nyasi zipi za asili zinazolihimili na ni wadudu gani wanaolidhibiti bila kudhuru mazao.

Taasisi ya Nelson Mandela, iliyopo Arusha kwenyewe, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, zina nafasi ya kuongoza kazi hiyo. Wafadhili nao waweke sharti moja: kila mwombaji aoneshe namna matokeo yake yatakavyomfikia ofisa ugani, mkulima na mfugaji kwa Kiswahili, kabla tasnifu haijawekwa maktabani.