Chombo cha Anga si Pambo: Kuhusu Umbo la Nostromo

Wapo wahakiki wa fasihi wanaoshikilia kuwa umbo la chombo cha anga katika bunilizi ya kisayansi ni kazi ya seremala wa filamu, na kwamba halimhusu mhakiki. Kwao mandhari ni kipengele cha kutajwa kwa aya moja chini ya fani, kisha mjadala wenyewe uanze kwenye maudhui. Msimamo huu ni dhaifu. Filamu ya Alien (1979), iliyoongozwa na Ridley Scott, inatosha kuubomoa.

Kabla yake, vyombo vya aina hii vilibuniwa ili vistaajabishe. Kile cha Forbidden Planet (1956) kilikuwa kisahani. Enterprise, iliyosanifiwa na Matt Jefferies kwa ajili ya Star Trek (1966), ilitanguliza kisahani hichohicho na kukiongezea mitambo miwili mirefu. Nayo Discovery, katika 2001: A Space Odyssey (1968) ya Stanley Kubrick, iling'aa kwa weupe kama hospitali. Abiria wao walikuwa maafisa na wanasayansi waliotumwa kwa heshima.

Nostromo haikutumwa kuchunguza chochote. Ni chombo cha kukokota, nacho kinaburura kiwanda kizima cha kusafishia madini chenye shehena ya tani milioni 20. Ni kweli kuwa Millennium Falcon ya Star Wars (1977) ilikwisha kuonekana imechakaa. Lakini uchakavu wa Falcon ni majivuno ya mwenyewe, Han Solo. Mabaharia saba wa Nostromo hawamiliki hata msumari wake.

Tazama vyumba vya ndani, ambavyo vingi vilichorwa na Ron Cobb (mchoraji wa vibonzo vya kisiasa, jambo ambalo halikosi maana). Chini, penye mvuke na mabomba, wanafanya kazi mafundi Parker na Brett, wanaolalamika kuwa mgawo wao ni mdogo kuliko wa wenzao. Ngama anamouawa Brett ina minyororo inayoning'inia na maji yanayodondoka. Juu kuna zahanati nyeupe, na chumba cha kompyuta kinachometameta taa. Zahanati imo mikononi mwa Ash, mashine yenye sura ya mtu, inayoitumikia kampuni kwa siri. Na katika chumba cha kompyuta ndimo Ripley anamosoma amri kwamba kiumbe kile kiletwe, hata kama mabaharia wote wataangamia. Weupe wa Kubrick umegeuzwa kuwa maficho ya mwajiri.

Atakayedai kuwa giza la huko chini ni la kutisha tu na alitazame jina lenyewe. Nostromo ni riwaya ya Joseph Conrad ya mwaka 1904, kuhusu mgodi wa madini ya fedha na msimamizi wa makuli wa bandarini anayetumiwa na mabwana.

Kisha kuna Narcissus, chombo kidogo anachokimbilia Ripley. Anajiona amesalimika, ilhali kiumbe kimejikunja kando yake, ukutani, wala hakitambui, kwa kuwa mwili wake umefanana na mabomba. Mwanafunzi aliyefunzwa kuorodhesha mandhari na kupita atakuwa ameshaifunga aya yake kabla ya kufika hapo.