Waliotoka Hanang na ng'ombe wao
Sensa ya 2012 iliukuta Mkoa wa Manyara na watu milioni 1.4, ya 2022 ikahesabu karibu milioni 1.9. Jumla hiyo haituambii nani kaingia na nani katoka. Wairaqw wa mkoa huu, ardhi ilipowabana kwenye milima ya Mbulu, walianza kuteremka tangu enzi za Mwingereza, vichaka vya mbung'o vilipofyekwa, na leo wanalima hadi Hanang. Habari ya Wabarabaig, wafugaji wa Hanang, inaniuma zaidi. Kuanzia miaka ya 1970 shirika la umma, NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilitwaa takriban ekari 100,000 upande wa Basotu ili kulima ngano. Yalikuwa malisho yao bora kuliko yote, na ndani yake mlikuwa na makaburi ya wazee wao. Wengi waliswaga ng'ombe hadi Morogoro, Usangu na Rufiji, ambako wakaitwa wavamizi. Usangu wafugaji wakaondolewa tena mwaka 2006. Mtu aliyenyang'anywa kwao si mvamizi. Halmashauri zinazopima ardhi ya vijiji, kuanzia Balangdalalu wilayani Hanang, zitenge malisho kwanza, na ziyaandikie hati kabla trekta halijafika.